Piga picha, usipige nyoka

Manze, Disemba tuliua nyoka kwa kukhu, Bungoma. Simu nilikuwa nayo mfukoni, lakini niliitoa akiwa ashakufa. Juzi nikaonyesha mhudumu wa nyoka pale Kitale Museum ile picha. Akaniambia, "Huyu hana sumu. Anakula panya." Na saa hii kukhu analia panya wamemaliza mahindi stoo!

Kule Australia, watafiti huteremsha kamera na chambo kwenye matumbawe, wanaiacha irekodi, halafu wanahesabu nyoka wa baharini kwenye video. Hao wana sumu kali, na bado hakuna anayebeba rungu.

Sisi tutajuaje shamba letu lina nyoka aina ngapi, kama kila mmoja tunamjua akiwa maiti? Wewe simama mbali, piga picha, uliza kwanza.