Kamera ya Zamani na Picha Tunazodaiwa

Mnamo mwezi wa sita tuliketi jioni tatu mfululizo katika chumba kidogo kilicho nyuma ya sakristia, tukijadili jambo ambalo pengine mtaliona kuwa dogo: je, tubadilishe kamera yetu au tubaki nayo? Sisi ni watatu tunaopiga picha za parokia hapa Kolwezi. Twaandika kwa sauti moja kwa kuwa feza ni ya wote na uamuzi ulikuwa wa wote, ingawa mmoja wetu haukubali hadi leo, naye ameomba jambo hilo lisifichwe.

Kamera yenyewe ni Epson R-D1. Tuliachiwa na padri mzee aliporudi kwao Ulaya, pamoja na lenzi moja ya milimita 35. Ilianza kuuzwa mwaka 2004, nayo ndiyo iliyokuwa kamera ya kwanza ya dijitali ya aina ya telemeta. Mtu aionapo mara ya kwanza hudhani ni ya filamu. Kila baada ya picha yakupasa kuvuta mkono mdogo kwa kidole gumba, kama wazee walivyokuwa wakivuta filamu, ijapokuwa ndani hamna filamu. Mkono ule hukaza pazia la kamera tu. Juu yake mna uso wa duara wenye mishale kama saa, unaoonyesha idadi ya picha zilizosalia na nguvu ya betri. Watoto wa katekisimu huiita "saa ya padri", na hakuna awezaye kuwatoa katika jina hilo.

Kwa wale wasiojua, telemeta ni chombo cha kupimia umbali kilichofungwa ndani ya kamera. Mbele mna madirisha mawili yaliyoachana. Ukichungulia, waona picha moja kupitia dirisha kubwa, na katikati yake kiraka kidogo chenye mwanga kinacholeta picha ya dirisha la pili. Kwa kuwa madirisha hayo hayapo mahali pamoja, uso wa mtu huonekana mara mbili, mmoja kando ya mwingine. Ukizungusha lenzi, ile sura ya pili husogea. Zikilaliana zikawa moja, lenzi imelenga umbali sahihi. Kamera haikuchagulii chochote. Haijui hata kwamba mbele yake yupo mtu. Wewe ndiwe unayeamua nani atakuwa wazi na nani atafifia, na kosa likitokea ni lako. Katika R-D1 dirisha la kuchungulia halikuzi kitu wala halikipunguzi, hivyo waweza kuacha macho yote mawili wazi na kuendelea kumwona mtu unayempiga picha, naye akaliona jicho lako. Mama wazee wa parokia hulipenda hilo. Mmoja alituambia kwamba kamera nyingine humfanya ajione kama yuko mbele ya polisi.

Basi, yaya mmoja aliyekuwa katika kundi letu, ambaye sasa anaishi Bruxelles, alituandikia kwamba mtu anayemfahamu anauza Leica M ya aina iitwayo Typ 240, iliyoingia sokoni mwaka 2013. Bei ilikuwa dola 2,300. Katika sanduku letu mlikuwa na dola 2,450, matunda ya miaka minne ya kupiga picha za ndoa na ubatizo. Lenzi yetu ingeingia moja kwa moja, kwa sababu kamera zote mbili zatumia mshikio uleule wa lenzi ulioanza na Leica M3 mwaka 1954. Ilikuwa kana kwamba mtu ametupangia.

Tukiri kwamba hoja za kubadilisha hazikuwa za kutaka makuu tu. R-D1 ina megapikseli 6, Leica ile ina 24. Hiyo ndiyo tofauti ambayo watu huitaja kwanza, nayo ndiyo iliyotuhusu kidogo kuliko zote. Studio za hapa huchapa picha za sentimita 10 kwa 15, na kwa ukubwa huo, hata ukitaka nukta 300 katika kila inchi, zahitajika pikseli milioni 2 na kidogo. Sita zatosha na kusaza. Tofauti ya kweli ni mwanga. Katika mkesha wa Pasaka, kanisa likiwa giza na mishumaa tu ikiwaka, R-D1 hufika ISO 1600 na kukoma hapo, na picha hujaa punje kama umenyunyiza mchanga juu yake. Leica hufika 6400. Tena kihisi cha R-D1 ni kidogo kuliko kipande cha filamu, hivyo lenzi ya milimita 35 huona eneo finyu kama ile ya 53. Nyumbani kwa mgonjwa, mgongo wako ukiwa tayari umegusa ukuta, waweza kumpata mgonjwa au padri, si wote wawili. Kwenye Leica lenzi hiyohiyo ingerudi kuwa 35 kamili. Zaidi ya hayo, kamera yetu haisomi kadi zinazozidi gigabaiti 2, na kadi ndogo namna hiyo zimekuwa adimu sokoni. Betri nayo imechoka. (Hapo tulicheka, kicheko kisicho na furaha: kobalti imo katika betri nyingi za lithiamu, na sehemu kubwa ya kobalti ya dunia huchimbwa katika nchi yetu, nyingi yake huku kwetu Lualaba, lakini betri moja ya kamera yatubidi kuiagiza ng'ambo na kuingoja miezi.)

Dada anayetunza sanduku, ambaye si mpiga picha, aliuliza swali tulilokuwa tukiliogopa: kwa nini msitumie telefone? Tulimjibu kwa haki. Kwa matangazo, kwa kurekodi kwaya, kwa picha ambayo watu wataka kuiona saa ileile, telefone yashinda. Hata kamera ya kawaida inayolenga yenyewe, kwa robo ya bei ile, ingetusaidia zaidi katika mkesha. Tulichoweza kusema ni kwamba telemeta hutulazimisha kusimama mbele ya mtu mmoja, kumtazama, na kungoja hadi sura zake mbili ziwe moja. Akatujibu kwamba kusimama mbele ya mtu hakuhitaji dola 2,300.

Jioni ya pili, tulipokuwa bado tunabishana, mama mmoja alipiga hodi. Mwanawe alikuwa amefukiwa na udongo machimboni siku mbili kabla. Wachimbaji wa mikono mwawajua. Wengine ni kaka zenu, na baadhi yenu mmeshuka wenyewe katika mashimo yale. Mama alihitaji foto ya kuweka matangani na juu ya msalaba. Telefone ya kijana ilibaki naye chini. Ndipo mama akakumbuka kwamba tulimpiga picha siku ya kipaimara, miaka miwili iliyopita.

Tulifungua diski. Mafolda yetu yana tarehe tu, hayana majina. Tulitafuta kwa zaidi ya saa moja, mama ameketi kwenye benchi karibu na mlango, kitenge amekivuta hadi kidevuni, hataki maji wala kiti kilicho bora. Mwishowe tulimwona. Amesimama karibu na ukuta wa kanisa, shati jeupe limefungwa hadi kifungo cha juu, na mkono wa mdhamini uko begani pake. Ukuta umetoka vizuri mno. Waweza kuhesabu matofali. Uso wake umefifia.

Tulianza kuomba radhi kwa ukungu ule. Mama hakusikiliza. Alitazama kioo cha kompyuta muda mrefu, kisha akasema: "Batoto, hii foto mulikuwa nayo miaka mbili?"

Hakuna aliyejibu. Mmoja wetu alikimbilia studio. Umeme ulikuwa umekatika, akangoja hadi jenereta ikawashwa, akarudi usiku na nakala tatu. Mazishi yalikuwa kesho yake.

Jioni ya tatu ilikuwa ngumu. Ndugu yetu aliyetaka kubadilisha alisema: mwaona, kamera hii imetuharibia uso wa marehemu, nanyi bado mwataka kuibakiza? Alisema kwa uchungu, wala hatuwezi kumlaumu, maana ndiye aliyekwenda studio. Dada mtunza sanduku alinyamaza kitambo, kisha akatuomba tuhesabu ni picha ngapi tulizopiga tangu tuachiwe kamera, na ni ngapi tulizochapa. Tulihesabu. Katika diski mna picha 11,460. Zilizochapwa zilikuwa 318, karibu zote za ndoa, yaani za watu waliolipa. Kila Jumapili watu walitusimamia, walijinyosha nguo, waliita watoto wao waje wasimame, kisha tukawaambia "asante", tukaondoka nazo.

Kuhusu ukuta uliotoka wazi mahali pa uso, ilitubidi kukumbuka jambo tulilokuwa tumelisahau kwa makusudi. Wiki chache kabla ya kipaimara kile kamera ilianguka kutoka benchi. Iliendelea kufanya kazi, nasi tukashukuru. Nje, kwenye jua, tundu la lenzi huwa dogo, eneo lililo wazi huwa pana, na kosa la telemeta hufichika humo. Kivulini au ndani ya kanisa twafungua tundu, eneo lile hupungua, na kosa hujitokeza. Kwa miaka miwili tulisema: ni uzee wa kamera. Tulimpelekea fundi wa saa sokoni. Alifungua bamba dogo lililo juu, pale flashi inaposhikizwa. Chini yake mna skrubu za kurekebishia telemeta. Tulisimama nje ya kibanda chake, tukaweka lenzi kwenye alama ya mbali kabisa, tukalenga kilele cha kilima cha udongo wa mgodi, naye akageuza skrubu kidogo kidogo, akichungulia na kugeuza tena, hadi vilele viwili vikawa kimoja. Alitutoza franga 15,000. Twawasihi msijaribu nyumbani kwa bisibisi ya redio.

Wengine wenu mmesikia habari za Sammy Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi wa mwaka 1978. Katika mfululizo wake uitwao Mémoire, wa mwaka 2006, alichukua picha za kale za wafanyakazi wa migodi, akazibandika juu ya picha mpya za mitambo iliyochakaa. Wamesimama pale, wanatutazama, nasi tunaowatazama leo hatujui jina la hata mmoja. Tulipoziona mara ya kwanza tulisema: hayo ni mambo ya wakoloni, walipiga picha watu kama wanavyohesabu vifaa. Jioni ile ya tatu, tukiwa na diski yenye tarehe tupu mikononi, hatukuweza kulisema tena kwa wepesi ule.

Tulimwandikia yaya wa Bruxelles kwamba hatutainunua. Leica iliuzwa kwa mtu mwingine wiki ileile. Tumetenga dola 1,200 za kuchapa picha, na zilizosalia zimebaki sandukuni, kwa sababu ndugu yetu asiyekubali ana haki katika jambo moja: siku pazia la R-D1 litakapovunjika, hatujui tutapata wapi jingine. Anasema hatukuamua, tumeahirisha tu. Tena anasema mkesha wa Pasaka ujao utakuwa na giza lilelile na punje zilezile, na wale watakaobatizwa usiku ule wana haki ya uso ulio wazi kama wengine. Tumejaribu kumjibu, hatujapata jibu.

Tangu mwezi wa saba, kila Jumapili baada ya Misa ya pili, twaweka meza chini ya mwembe. Folda zimeanza kupewa majina. Kazi hiyo ni ndefu kuliko tulivyodhani, kwani yatulazimu kuwauliza wazee, nao hubishana ni nani aliye katika picha kwa robo saa nzima. Wengine hucheka nywele zao za zamani. Baba mmoja alichukua picha ya mkewe, akaondoka, akarudi baada ya kitambo kuomba ya pili, na hakutueleza sababu. Mama yule wa kipaimara hakuja tena, ila alimtuma mtoto wake mdogo na ndizi.

Bahasha 41 bado hazina wenyewe. Ikiwa mlipata kipaimara au komunyo ya kwanza hapa katika miaka hiyo, au mna ndugu waliohamia Likasi, Lubumbashi au Kasumbalesa, piteni mtazame. Katika ile ya juu kabisa mna msichana wa miaka kumi hivi, mwenye kitambaa cha njano kichwani, ameshika mbuzi kwa kamba. Ni ya kabla ya fundi wa saa: mbuzi ndiye aliye wazi.