Kahawa ni Mti wa Mtu Anayekaa

Jamani, leo nawasimulia kuhusu miti sita ya kahawa nyuma ya nyumba yetu, hapa Kyaka II, Uganda.

Sisi tumetoka Kalehe, Kivu Kusini. Baba alikuwa na shamba la arabika mlimani, ziwa unaliona kule chini. Nilichuma, niliosha, nilianika. Lakini kuinywa? Hata siku moja. Yote ilikuwa ya kuuza, na nyingine ilivuka ziwa usiku kwa mtumbwi kwenda Rwanda. Sisi tulikunywa chai.

Tulifika hapa mwanzoni mwa 2018, bila baba. Mwaka 2020 jirani yetu Mganda akanipa miche sita ya robusta. Mama hakutaka hata kuiona.

"Maharage ni ya miezi mitatu. Mahindi ni ya minne. Kahawa ni mti wa mtu anayekaa. Wewe unataka tukae?"

Sikuwa na jibu. Na ni kweli, hii ardhi tumepewa tulime tu, si yetu. Wakituhamisha kesho, mti hauingii kwenye mfuko. Nikapanda hivyo hivyo, karibu na choo, pale mahindi yalipokuwa yanakataa.

Nikangoja miaka mitatu. Mwaka 2023 msaada wa chakula ukapunguzwa, na mwaka huohuo matunda yakaiva mekundu. Ndoo mbili. Wote wakaniambia: uza! Nikauza moja. Ya pili nikabaki nayo, juu nilitaka kujua ladha ya kitu kilichonilipia shule.

Nilianika matunda juu ya shitingi mpaka yakawa meusi, ukitikisa unasikia mbegu zinacheza ndani. Hapo nikatwanga kwenye kinu, nikapeta kwa ungo. Kukaanga ndiko kulinisumbua. Mara ya kwanza moto ulikuwa mkali, nikaunguza zote, nyumba ikajaa moshi. Mara ya pili nikapunguza makaa, nikakoroga kwa mwiko bila kupumzika. Mbegu zikawa za njano, halafu kahawia, halafu zikaanza kulia kama bisi. Nikazimwaga haraka kwenye ungo zipoe, maana ukiziacha kwenye sufuria zinaendelea kuiva.

Mama alikuwa mlangoni. Harufu ndiyo ilimleta.

Nikampa kikombe. Akanywa, akanyamaza. Halafu akasema, "Hii ni chungu. Ya baba yako isingekuwa hivi." Ilikuwa mara ya kwanza kumtaja baba tangu tufike. Tulikaa pale mpaka giza. Akanieleza alivyopanda miti yake ya kwanza kabla hata hawajaoana, na watu walivyomcheka kwamba atazeeka akingoja.

Sikuipenda sana ile kahawa, nasema ukweli. Lakini siku hiyo nilielewa kitu: kupanda mti si kusahau nyumbani. Baba mwenyewe hakujua kama atakuwepo kuvuna.

Nyinyi mnaotusaidia, asanteni kwa mbegu za miezi mitatu. Lakini siku moja mtuulize pia kuhusu miti, na kama tutaachiwa tuivune.

Wiki iliyopita Mama aliniuliza, kama hataki: "Ile miche, kwa jirani bado ipo?"

Na wewe, hapo ulipo, umepanda nini?