Gunia Lisilo na Njano

Kwa miezi minne mwaka 2018 vidole vyangu viliachia mshale kabla sijaviruhusu. Navuta ugwe, nainua upinde, na alama ya kulengea ikigusa tu ukingo wa mduara wa njano, paa! Mshale umekwenda. Mkono haujafika kidevuni, bega halijatulia. Siku nyingine ni kinyume chake: nalenga chini kidogo ya njano na mkono unagoma papo hapo, siwezi kuupandisha hata kwa upana wa ukucha. Mimi nashona nguo mjini Machakos, na mkono ndio duka langu. Nilianza kujiuliza, mkono unaonikaidi Jumamosi uwanjani, Jumatatu utanifanyia nini kwenye kola ya suti ya mtu?

Wenye mchezo huu wanaijua hali hiyo. Ni hofu ya shabaha. Mara nyingi haimpati mgeni, maana mgeni anarusha tu, na mshale ukienda majanini anacheka. Inakupata ukishaanza kulenga vizuri, ukishajua kwamba njano ina pointi 9 na 10, ukishaanza kuzihesabu kabla ya kuachia. Jicho likiiona njano, mwili unadhani kazi imekwisha.

Niliingia kwenye mchezo huu kwa sababu ya televisheni. Mwaka 2016 niliona picha za ufunguzi wa Olimpiki ya Rio, bendera yetu imebebwa na Shehzana Anwar, mlenga mishale. Nikamuuliza mume wangu, kwani Kenya tuna watu wa upinde? Akanitazama kama nimeuliza kama tuna maji. "Na babu yako alikuwa nani?" Babu yangu mzaa mama alikuwa mwindaji huko Kitui hadi serikali ilipopiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Uta wake ulitundikwa juu ya mlango ukabaki hapo, na sisi wasichana tulikatazwa hata kuugusa. Nilikuwa na miaka 38 nilipoushika upinde kwa mara ya kwanza, na haukuwa wa babu. Ulikuwa wa kuazima, wa vipande vitatu vinavyofunguliwa, uzito wa kuvuta paundi 24, kwenye uwanja mmoja Nairobi.

Nilipomweleza mwalimu wa uwanja huo masaibu yangu hakushangaa. "Toa karatasi," akasema. "Simama hatua tatu tu, fumba macho, rusha mpaka uchoke. Usije hapa kwanza." Nauli ya kwenda Nairobi nilikuwa naimudu mara moja kwa mwezi, kwa hiyo hilo la kutokuja halikuniuma. Lililoniuma ni kwamba nyumbani sikuwa na pa kurushia. Tunaishi familia nne kwenye uwanja mmoja, na kamba za kuanika nguo zinapita kila upande. Keateka, msimamizi wa nyumba zetu, alinisikiliza hadi mwisho, kisha akatoa sharti lake: saa kumi na mbili na nusu jioni asione hata kijiti cha mtu pale.

Basi ilinibidi nitengeneze kitu cha kusimama na kulala.

Nilinunua mbao za saiprasi, inchi 2 kwa 2. Mbili za futi sita zikawa miguu ya mbele, ya tatu ikawa mguu wa nyuma. Fundi seremala alizitoboa juu kwa kekee, tukapitisha bolti moja ya milimita 10 kwenye zote tatu, na nati yenye masikio ili niikaze kwa vidole bila spana. Mnyororo mfupi kati ya mbele na nyuma unazuia miguu isitanuke ikateleza. Chini, ubao wa kukingama ambao gunia linaukalia. Ukilegeza nati, miguu yote inakunjana kama mwavuli na unaibeba begani.

Gunia lilikuwa shughuli yangu mwenyewe. Watu wengi hushindilia maboksi, au hununua sponji ngumu ya bei ya kutisha. Mimi nilikuwa na mali ambayo seremala hana: vipande vya vitambaa, miaka mitatu ya vipande, chini ya meza ya kukatia. Nilivishindilia kwenye gunia la mahindi la kilo 90 kwa mguu na mpini wa jembe. Ukilijaza vizuri, mshale unaingia, unabanwa na nguo na kusimama, na kuuchomoa ni kazi ya mkono mmoja. Ukiacha nafasi, nguo zinashuka, na juu panabaki ngozi tupu ambayo mshale unaipita kama mlango.

Jambo moja nililidharau. Sikuchambua zipu na vifungo. Jioni ya pili mshale ulikutana na kifungo cha shaba cha jinzi ndani ya gunia, ukarudi ukapita karibu na goti langu. Nililimwaga gunia lote sakafuni nikachambua hadi usiku. Anayetaka kutengeneza la kwake, aanze na hilo.

Kosa la pili lilikuwa la uzito. Gunia lilifika karibu kilo 35, nami nililitundika mbele ya miguu. Kitu chote kikapiga magoti, kikalala kifudifudi mbele ya majirani. Mama wa chumba cha pili akauliza kama nimegombana nalo. Tulirefusha mguu wa nyuma, gunia likaegemea kinyumenyume kidogo, kisha nikaning'iniza jerikeni la lita 20 kwenye mguu huo. Likijaa maji, ni kilo 20 zinazovuta nyuma. Nikimaliza, maji yanakwenda kwenye sukuma wiki za keateka, gunia linapanda magurudumu ya kigari cha zamani cha mtoto, na uwanja unarudi kuwa wa nguo za kuanikwa. Keateka alianza kuniuliza mwenyewe, "Leo hufanyi mazoezi?"

Nyuma ya gunia kulikuwa na ukuta wa mawe usio na dirisha, na zulia kuukuu lililoning'inia mbele yake. Lango nililifunga kwa kufuli, ufunguo mfukoni. Watoto ndani. Hapo sikuwa na mzaha.

Mishale sita, safari tano, jumla 30 kila jioni. Natazama mbele, navuta, mkono unafika chini ya kidevu, ugwe unagusa pua, ndipo nafumba macho. Nahesabu moja hadi nne. Wiki za kwanza vidole vilifunguka kwenye mbili, hata pasipokuwa na njano ya kuviita. Nilikasirika. Ilikuwaje niogope gunia tupu? Kumbe sikuwa naogopa njano peke yake. Nilikuwa nakimbilia mwisho, popote ulipo, na hata kwenye cherehani niliuona mwendo huohuo: inchi mbili za mwisho za kila mshono nilizikanyagia. Nyuzi zilikuwa zimenionyesha miaka yote, nikilaumu mashine.

Mwezi wa tatu wa mazoezi nilibandika karatasi ya shabaha. Siku hiyohiyo vidole vikarudia tabia yao, nikaibandua. Nikabandika karatasi nyeupe isiyo na mduara, wiki mbili. Kisha nikarudi nyuma hadi hatua saba. Kisha njano, lakini ndogo ya kuchora mwenyewe kwa chaki ya kushonea.

Niliporudi Nairobi walikuwa wakirusha mita 30, karatasi ya sentimita 80, ambayo njano yake ina upana wa sentimita 16. Nilivuta. Alama ikaingia kwenye njano, ikatulia. Moja, mbili, tatu, nne. Nikashusha upinde bila kurusha. Nikavuta tena, nikashusha tena. Jirani yangu kwenye mstari akadhani nimeumia. Mwalimu peke yake ndiye aliyeelewa, akaendelea kunywa chai yake. Alama za siku ile sizikumbuki, na ninajua hazikuwa nyingi.

Desemba niliipakia miguu na gunia kwenye keria ya matatu hadi kwa babu. Alikizunguka kile chombo mara mbili, akagusa nati, akalitazama jerikeni na kusema maji hayo yangetosha mbuzi wawili. Akaomba upinde. Alivuta kama wanavyovuta wawindaji, ugwe hadi kifuani tu, mikono ikitetemeka kwa uzee. Mshale uligonga mguu wa kulia wa mbele, ukazama kwenye saiprasi karibu inchi moja. Ilibidi tuuchomoe kwa koleo. Akaniuliza kama nimeona alivyoupiga mguu wa mbele. Nikamwambia nimeona, babu. Lile tundu lipo hadi leo, na sijaliziba.