Toa Mafuta, Bakisha Unga

Ukifanya kazi kwa kaunta ya supamaketi kubwa miezi michache tu, huhitaji kalenda. Tarehe 1 hadi 5 watu wanasukuma toroli. Kuna mchele wa kilo tano, sabuni ya unga, biskuti za watoto, hata ile sosi ambayo hakuna mtu anaihitaji. Kufikia tarehe 12 toroli zimepangwa mlangoni, watu wanabeba vikapu. Tarehe 22 hata kikapu hakuna. Mtu anakuja na mkate wa gramu 400 kwapani na maziwa ya nusu lita mkononi, na ameshahesabu pesa kabla hajakufikia. Nilifanya hiyo kazi karibu miaka miwili, katika tawi moja la Eastlands, na hali ya uchumi ningekueleza vizuri kuliko wale wataalamu wa runinga wenye tai.

Katika tawi letu keshia alisimama. Kiti kilikuwa kimoja, kirefu, na kilikuwa cha mwenye mimba, lakini lazima ulete barua ya daktari kuthibitisha kitu ambacho foleni nzima inakiona. Miguu yangu ilijifunza kuvimba saa nane mchana. Nikifika nyumbani Pipeline, nikimaliza ngazi za ghorofa ya sita, nilikuwa nalala chini na kuiegemeza ukutani kama mifagio.

Watu hudhani kila mwenye fulana ndani ya supamaketi ameajiriwa na hiyo supamaketi. Wapi. Yule dada anayekubembeleza uonje maziwa lala, yule kijana anayepanga mafuta ya kupikia, wengi wao ni mamechandaiza. Wanalipwa na kampuni ya hiyo bidhaa au na ajenti. Ndiyo maana ukimuuliza chumvi iko wapi anakuangalia kama umemuuliza njia ya kwenda Lodwar. Sisi makeshia tulikuwa wa supamaketi yenyewe, lakini kwa kandarasi ya miezi mitatu mitatu. Kila ikikaribia kuisha unangoja kuitwa ofisini, na kama hujaitwa unaanza kucheka sana na meneja. Ukielewa hiyo miezi mitatu umeelewa mengine yote: kwa nini hakuna mtu anauliza habari ya ovataimu, kwa nini mtu anakuja kazini na homa akisema ni vumbi.

Halafu kuna shilingi moja. Bei zetu zilipenda kuisha na 9. Unga 199, sabuni 149. Sarafu za shilingi moja zenyewe hazipatikani. Wateja wengi wanakuachia. Lakini kulikuwa na mzee mmoja, kila Jumamosi, suti ya kijivu, ambaye alinyoosha mkono na kungoja shilingi yake. Foleni inaguna, yeye anangoja. Nilianza kumwekea moja pembeni tangu asubuhi. Kusema kweli nilimheshimu.

Julai 2022 ndiyo ilinifunza kwamba keshia ni uso wa watu ambao hawatawahi kukutana naye. Unga wa mahindi wa kilo mbili ulikuwa umepita shilingi 200. Tarehe 20, serikali ikatangaza kwamba pakiti itauzwa 100. Ilikuwa wiki tatu kabla ya uchaguzi. Kesho yake asubuhi watu walikuwa mlangoni kabla hatujafungua. Sisi kwa rafu tulikuwa na unga wa bei ya zamani, na mashine ilikuwa inasoma bei ya zamani. Mama mmoja akaniwekea pakiti mbili na noti ya 200, akasimama. Nikamwambia, "Mathe, bado haijabadilishwa." Akaniambia pole pole, kama mtu anayemwelekeza mtoto, "Lakini rais amesema." Nilimwambia nini? Meneja alikuwa amejifungia ofisini akipiga simu makao makuu. Unga wa bei mpya ulipofika tuliuza pakiti mbili kwa kila mtu, ukaisha kabla ya saa nne. Waliokosa walinitukana mimi. Uchaguzi ukapita, na bei ikarudi ilikotoka.

Lakini kitu kilichonikaa zaidi ni kutoa.

Mtu anaweka vitu vyake, unaviskani, jumla inatokea, na unaona uso ukibadilika. Anauliza, "Ngapi?" ingawa ameona. Halafu anaanza. Toa mafuta. Ngoja, sasa ni ngapi? Toa pia hiyo sabuni. Bakisha unga. Keshia haruhusiwi kufuta kitu mwenyewe, kwa sababu za wizi, na naelewa. Kwa hivyo lazima umwite supavaiza aje na kadi yake. Kumwita ni kupiga kelele juu ya vichwa vya watu: "Supavaiza! Kufuta, namba nne!" Foleni yote inageuka. Mwenye vitu anaanza kutafuta kitu kwa simu ambacho hakipo.

Nikaanza kufanya hivi: mtu akija tarehe 20 na kitu na akiwa ameshika noti tayari, ninaviskani unga na maziwa kwanza, kisha ninamtajia jumla njiani, kwa sauti ya chini. "Hapo ni 310." Anajua aachie wapi. Kilichobaki nakisukuma pembeni kabla hakijaingia kwa mashine, na hakuna mtu anaitwa. Ilifanya kazi vizuri. Shida ni kwamba mashine inahesabu pia kasi ya keshia, na yangu ikashuka. Niliitwa ofisini nikaonyeshwa karatasi. Namba nne ni ya mwisho mara ya pili. "Madam, hapa si kanisani," meneja akasema. Nikasema sawa, na nikaendelea.

Mwezi wa mwisho wa kandarasi yangu ya saba ikaja ile ya short. Ukikabidhi droo jioni na pesa zikipungua, unakatwa. Siku hiyo zilipungua 1,850. Lakini nilikuwa nimeenda lanchi dakika thelathini na keshia mwingine akaingizwa kwa droo ile ile, bila pesa kuhesabiwa, kwa sababu foleni ilikuwa ndefu. Nikaletewa fomu imechapwa tayari: ninakubali upungufu huu ni wangu, nikatwe.

Nilikuwa nimesoma Sheria ya Ajira ya 2007 kwa simu, usiku. Kifungu cha 19 kinamruhusu mwajiri kukata upungufu wa pesa, lakini uwe umetokana na uzembe au ukosefu wa uaminifu wa mfanyakazi ambaye mkataba wake unasema wazi amekabidhiwa pesa. Hakisemi pesa zikipungua tu. Nikaomba kalamu, nikaandika chini ya fomu: "Droo hii ilitumiwa na watu wawili na haikuhesabiwa kati." Ndipo nikasaini.

Supavaiza akanifuata kwa stoo, tukasimama kati ya katoni za tishu. Alikuwa amefanya kazi katika mojawapo ya zile supamaketi zilizoanguka. Hakutaja ipi, na hapa Kenya ungechagua: Nakumatt, iliyoanza kwa kuuza magodoro Nakuru ikasambaa hadi Uganda, Rwanda na Tanzania kabla ya wadai kupiga kura ifungwe Januari 2020, Tuskys, Uchumi. Akaniambia alitoka huko na miezi minne ya mshahara ambayo hajawahi kuiona. "Wewe unapigania 1,850," akasema. Nilidhani ananicheka. Kisha akasema, "Mimi sikupigania hata moja. Tulikuwa tunaogopa kupoteza kazi ambayo haikuwepo." Akachukua ile fomu akaandika jina lake kama shahidi. Yeye ana watoto watatu.

Hawakunikata. Pia sikuitwa ofisini mwezi ulipoisha, na hakuna mtu alisema mambo hayo mawili yanahusiana. Nilirudisha fulana mbili na beji. Aproni ilikuwa imeibwa kwa kamba ya nguo Pipeline, kwa hivyo kwa malipo yangu ya mwisho kuna mstari umeandikwa "sare", 450. Hiyo nilisaini bila neno. Supavaiza bado yuko.