Kikokotoo cha mama

Nilikuwa fildi, nikapitia nyumbani Mgololo. Mama ni mwalimu, mwakani anatimiza 60. Usiku akaniletea daftari: "Hebu nipigie hesabu mwanangu, si ndiyo msomi wetu?"

Haya. Kanuni ya PSSSF: miezi 360 ya kazi, gawa kwa 580, zidisha na wastani wa mishahara ya miaka mitatu bora, tuseme milioni moja. Unapata kama 620,000 kwa mwezi. Ila asilimia 40 yake (mwaka 2022 walishusha kundi lao hadi 33, kelele zikapigwa wee!) inageuzwa mkupuo wa miezi 150, yaani milioni 37 na ushee. Kila mwezi zinabaki 372,000.

Matumizi yake? Chakula, mbolea, dawa za presha, bibi, michango ya misiba... 450,000, tena kwa kubana.

Hilo pengo lilikuwa la mipaini. Ekari mbili, alipanda nikiwa darasa la nne. Mwaka juzi nilipokosa mkopo wa bodi aliiuza ikiwa bado michanga, kwa bei ya kutupa.

Hakulitaja. Akauliza tu, "Kwa hiyo inatosha?"

Nikamwambia nitarudia hesabu asubuhi.