Kapi na Ngozi: Safari ya Kitui na Makueni

Wasomaji wengi wa jarida hili huijua Ukambani kupitia dirisha la basi. Mtu hutoka Mombasa baada ya sala ya Alfajiri, hupita Voi, na afikapo Mtito Andei huwa amekwisha kuingia kaunti ya Makueni. Hunywa chai, hunyoosha miguu, kisha husinzia mpaka Nairobi, na nchi yenyewe ikabaki haijulikani. Safari ninayoisimulia hapa iliiacha barabara kuu Kibwezi, penye mibuyu na mashamba ya mkonge ya Dwa, huku vilima vya Chyulu vikionekana upande wa kushoto. Pale tulipinda kulia, tukauvuka mto Athi, tukapita Ikutha na Mutomo hadi mji wa Kitui. Mto ule si mgeni kwetu. Ndio huohuo unaoshuka mashariki, ukaitwa Galana, kisha Sabaki, ukamwaga maji yake baharini karibu na Malindi.

Haja iliyonipeleka ilikuwa ndogo. Jamaa yangu mmoja huuza vyondo mjini Mombasa, vikapu vya mkonge ambavyo kina mama wa Kikamba huvisuka kwa vidole, duru juu ya duru. Vingi hutiwa mikono ya ngozi ili vibebeke begani. Mkonge wenyewe ni mgumu; panapoachia ni pale ngozi iliposhonwa. Ukiichunguza ngozi iliyoachia, mara nyingi utaona matundu ya sindano yamesongamana hata ikachanika mstarini kama karatasi iliyotobolewa kwa kusudi. Jamaa yangu alichoka kurudishiwa bidhaa na wateja, akaniomba, kwa kuwa nilikuwa na mwaliko Kitui, nimtafutie fundi anayeshona ngozi ikakaa.

Kitui haina uhaba wa cherehani. Pale Syongila serikali ya kaunti ilianzisha mwaka 2018 kiwanda cha nguo kiitwacho KICOTEC, na mwaka 2020, maradhi ya korona yalipoingia nchini, kiwanda hicho kilijulikana Kenya nzima kwa kushona barakoa. Mafundi wa barazani nao ni wengi, na sare za shule ndizo nguzo ya riziki yao. Lakini cherehani ya kiwandani iliyoundwa kwa nguo imeundwa kwa jambo moja kubwa, nalo ni mbio. Nyingi zaweza kupiga mishono 5000 kwa dakika. Kwa fundi wa sare, mbio hizo ni neema. Kwa anayetaka kushona ngozi, ni balaa.

Fundi niliyeelekezwa kwake ni kijana wa makamo, na karakana yake ni chumba kimoja cha mabati. Nilimkuta akishona mkanda wa begani, na cherehani yake ilikwenda taratibu hata niliweza kuihesabu mishono. Nilipomuuliza kama mashine ni mbovu, alicheka kwa adabu akasema, "Sheikhe, nguo husamehe, ngozi haisamehi."

Maneno hayo yana elimu ndani yake. Kitambaa ni nyuzi zilizofumwa; sindano ikikosea, fundi hufumua, nyuzi zikajirudi, na tundu likapotea. Ngozi si mfumo wa nyuzi za mtambo. Tundu likishatobolewa halizibiki tena, na kosa la nusu nchi hubaki hapo kwa umri wote wa mkoba. Zaidi ya hayo, sindano ikienda kasi katika ngozi nene hupata moto kwa msuguano, na uzi wa nailoni au wa poliesta huweza kuyeyuka na kukatika. Na kwenye pembe, fundi hutaka mshono mmoja tu, kisha asimame, auinue mguu wa mashine, ageuze kazi. Mashine ya mbio haimpi nafasi hiyo. Akiugusa mkanyagio kidogo tu, imekwisha kupiga mishono kumi.

Wengi hudhani dawa ni kukanyaga kwa upole. Fundi yule alinieleza kwa nini haitoshi. Mota ya zamani ya cherehani za kiwandani huzunguka wakati wote kwa kasi ileile, na mkanyagio huikutanisha na mashine kwa klachi. Ukikanyaga nusu, klachi huteleza. Kasi hupungua, lakini klachi hupata joto na kulika, na nguvu ya sindano haizidi hata chembe. Ikifika penye ngozi mbili zilizopandana, hukwama. Hapo fundi hukanyaga zaidi, na mashine huruka ghafla kama punda aliyechapwa. Vidole vingi vimetobolewa katika mruko huo.

Dawa ya kweli imo katika makapi, na hapa mtu wa Pwani hahitaji mwalimu wa bara. Baharia anayepandisha foromali nzito huipitisha kamba katika makapi zaidi ya moja. Huvuta kamba ndefu zaidi, na foromali hupanda polepole zaidi, lakini mkono uleule ambao peke yake usingeweza sasa unaweza. Mwendo uliotolewa umerudi kwa sura ya nguvu. Cherehani nayo ina makapi mawili: moja kwenye mota, jingine kwenye gurudumu la mkono, na ukanda unaoyaunganisha. Kapi la mota likiwa dogo na la mashine likiwa kubwa, mbio hupungua, na nguvu huongezeka kwa kiasi kilekile, ukiondoa kidogo kinachopotea kwa msuguano.

Tufanye hesabu, kwa maana hesabu ndiyo iliyomwokoa kijana huyu. Mota ya kawaida kwenye umeme wetu huzunguka kama mara 2850 kwa dakika. Ikiwa na kapi la milimita 100, na mashine ina kapi la milimita 75, sindano hupiga mishono 3800 kwa dakika, yaani zaidi ya 60 kwa sekunde. Mshono ukiwa wa milimita 4, hiyo ni robo ya mita ya ngozi kwa kufumba na kufumbua. Ukibadili kapi la mota tu, ukaweka la milimita 50, mishono hushuka hadi 1900. Bado ni mingi. Ndipo alipofunga chini ya meza mhimili wa katikati wenye makapi mawili: kubwa la milimita 150 linalopokea ukanda wa mota, na dogo la milimita 50 linalopeleka ukanda kwenye mashine. Hilo hugawanya kasi kwa 3, ikabaki kama mishono 630 kwa dakika, takriban 10 kwa sekunde. Mota ya mizunguko 1425, ambayo nayo hupatikana, ingeishusha hadi 5. Na kila kasi iliposhuka, sindano ilizidi nguvu.

Alinionya mambo matatu, nami nayafikisha kwa vijana wetu wanaopenda kujaribu. Kwanza, umeme uzimwe na waya uchomolewe kabla ya kugusa ukanda, na makapi yafunikwe, kwa kuwa kanzu na mtandio havina hadhari. Pili, kapi la mota lisiwe dogo kupita kiasi, maana ukanda hukunjika mno na kuteleza. Tatu, mashine ya nguo nyepesi haigeuki kuwa mashine ya soli kwa sababu tu imepunguzwa mbio. Mwili wake, sindano yake na unene wa uzi wake vina mpaka. Itashona mikanda, pochi na mikoba ya ngozi laini, na yafaa itiwe sindano ya ngozi yenye ncha ya kukata. Siku hizi ziko pia mota za servo, ambazo huzunguka tu unapokanyaga na kasi yake hupangwa. Ni nzuri na hazipotezi umeme, ila baadhi huwa dhaifu zikienda polepole sana, na hata hizo husaidiwa na mhimili wa katikati.

Kilichonigusa zaidi ni habari ya fedha. Kijana yule aliinunua mashine yake kuukuu kwa fundi wa sare. Alitamani mashine rasmi ya ngozi, yenye mguu unaotembea, lakini bei yake ilimtaka achukue mkopo wa riba na kuiweka rehani ardhi ya mama yake. Mama akakataa. Makapi, mhimili na ukanda mpya vilipatikana kwa mafundi wa vyuma wa mjini kwa sehemu ndogo sana ya bei hiyo. Shamba la mama lingali lake.

Kurudi nilipitia Machakos hadi Wote, makao ya kaunti ya Makueni, kisha nikashuka Makindu kuikuta barabara kuu. Makueni ni nchi ya maembe, na huko Kalamba kaunti ilijenga kiwanda cha kusindika matunda ili mkulima asibaki mikononi mwa dalali peke yake. Nilijiuliza kama ngozi haistahili fikira hiyohiyo. Ukambani ni nchi ya mbuzi, na kila anayechinjwa huacha ngozi. Ikiuzwa mbichi, faida yake huliwa mbali.

Sisi wa Pwani swali hili latuhusu zaidi kila Idi ya Kuchinja. Mwenye kuchinja udhuhiya haruhusiwi kuiuza ngozi yake wala kumlipa mchinjaji kwayo. Huitumia au huitoa sadaka, na madrasa nyingi hupokea ngozi hizo. Katika joto letu, ngozi isiyopakwa chumvi ndani ya saa chache huanza kuoza, na sadaka ikapotea jalalani. Ikipakwa chumvi na kupelekwa kiwandani kutengenezwa, yaweza kurudi kuwa majalada ya misahafu, mikoba ya wanafunzi na makubadhi.

Basi mzazi ambaye mwanawe anaomba mashine mpya ya ngozi, kabla ya kutia saini mkopo wowote, na aitazame kwanza cherehani iliyomo nyumbani. Aulize kapi la mota lina milimita ngapi na la mashine lina ngapi, kisha ampe kijana kalamu agawanye. Jamaa yangu amekwisha kuagiza mikono 40 kutoka Kitui. Fundi alimwambia asubiri wiki 3, naye amekubali kusubiri.