Mwalimu wa muziki hupimwa siku asipokuwapo

Katika mitaa mingi ya Nairobi, Jumamosi asubuhi ina sauti zake. Huku kinanda kinalia, kule gita, na nyumba ya tatu kuna tarumbeta inayokohoa kama gari linalokataa kuwaka wakati wa baridi. Mwulize mzazi yeyote kati ya hao jinsi alivyompata mwalimu wa muziki wa mwanawe. Aghalabu atakujibu kwamba alimchagua kwa kuwa anaishi karibu, au anatoza pesa kidogo, au ana vyeti vingi ukutani. Sababu hizo si mbaya. Ila hakuna hata moja inayokueleza jambo kubwa unalopaswa kulijua: mtoto wako atafanya nini siku ambazo mwalimu hayupo?

Hebu tupige hesabu kidogo. Somo la kawaida la anayeanza ni nusu saa, mara moja kwa wiki. Katika muhula wa wiki 12, mwalimu atakuwa na mtoto wako kwa saa sita pekee. Mtoto huyo akijifunza nyumbani dakika 15 kila siku, kwa siku sita zilizosalia katika wiki, muhula ukiisha atakuwa ametimiza saa 18. Hii ni kusema kwamba robo tatu ya kazi yote hufanyika mwalimu akiwa kwake. Ndiposa nashikilia kwamba kazi ya mwalimu wa muziki si kumfundisha mtoto wimbo tu, bali kumfundisha namna ya kujifundisha.

Haya niliyaona tulipokuwa tukimtafutia binti yetu mwalimu wa kinanda. Alikuwa na umri wa miaka tisa, akiimba katika kwaya ya shule na akiimba pia jikoni, bafuni na ndani ya matatu. Pesa zenyewe zilikuwa zile zinazobaki baada ya karo na kodi ya nyumba, na kila mzazi wa mjini anajua hizo huwa ngapi. Mama yangu, ambaye alikuwa akikaa nasi, aliniuliza swali moja tu: "Na muziki huo utampikia ugali?"

Mahali pa kutafuta hapakosekani. Jijini kuna Kenya Conservatoire of Music, chuo kilichoanzishwa mwaka 1944, ambacho Wanairobi wengi wamekijua jirani na ukumbi wa Kenya National Theatre. Kuna wapiga vinanda na waongozaji wa kwaya makanisani. Kuna walimu wa muziki wa shule, waliostaafu na wasiostaafu. Kuna wanafunzi wa vyuo vikuu kama vile Kenyatta, ambako muziki husomewa hadi shahada. Wengi wa watu hawa hawana tangazo popote. Hupatikana kwa kuuliza baada ya ibada au kwa kumvuta kando kiongozi wa kwaya inayoimba vizuri. Shida basi si kumpata mwalimu. Shida ni kumjua.

Wa kwanza tuliyemwendea alikuwa kijana mpiga kinanda, mwenye vidole vyepesi kama vya msusi. Tuliketi tukasikiliza somo la kwanza. Kati ya dakika 30, yeye mwenyewe alicheza kama 20. Binti yangu alifurahi na kupiga makofi, lakini kinanda alikigusa mara tatu tu. Yule kijana hakuwa na ubaya wowote. Alipenda muziki kuliko alivyopenda kufundisha. Si kila anayekimbia vizuri anaweza kuwa kocha.

Wa pili alikuwa mwalimu wa mitihani. Alitufungulia kitabu, akatuonyesha nyimbo tatu, akasema hizo ndizo kazi ya mwaka mzima, na mtoto atapita gredi ya kwanza bila wasiwasi. Alikuwa na rula mkononi, na kidole kikikosea, rula ilishuka juu yake. Wiki ya tatu, binti yangu aliacha kuimba akiosha vyombo. Wiki ya tano kinanda kilikuwa kimefunikwa kitambaa, na kila Jumamosi tumbo lilimuuma. Tukamwondoa.

Si kwamba mitihani ni adui. Bodi ya ABRSM ya Uingereza, iliyoasisiwa mwaka 1889, ina gredi kuanzia ya kwanza hadi ya nane, na imewapa wanafunzi wengi wa Kenya kipimo na nidhamu. Ila mtihani wenyewe hauikubali njia ya mkato ya nyimbo tatu. Katika mtihani wa vitendo wenye alama 150, nyimbo tatu hubeba alama 90. Zile 60 zinazosalia ni za kupanda na kushuka skeli, kucheza papo hapo muziki ambao mtoto hajawahi kuuona, na jaribio la masikio. Tena hawezi kufanya gredi ya sita hadi apite gredi ya tano ya nadharia, au mtihani mwingine ambao bodi inaukubali badala yake. Mtoto aliyekaririshwa nyimbo tatu kwa mwaka anaweza kuwa na cheti ukutani, kisha aombwe kucheza wimbo mmoja mwepesi katika arusi ya shangazi yake, abaki akitazama vidole.

Wa tatu alikuwa mzee aliyestaafu kutoka kufundisha shule. Hakufungua kitabu. Alimwambia mtoto, "Niimbie wimbo wowote unaoupenda, hata wa kuruka kamba." Mtoto akaimba. Mzee akamwuliza, "Sauti yako ya kwanza iko wapi hapa?" Mtoto akatafuta, akabonyeza kimoja, akatikisa kichwa, akabonyeza kingine, akacheka. Dakika kumi baadaye alikuwa ameupata mstari mzima wa wimbo wake. Hapo ndipo mzee alipochukua kalamu na kuuandika katika ile mistari mitano ya noti, ili mtoto aone jinsi kitu alichokwisha kukicheza kinavyoandikwa.

Njia hii ya sikio kwanza, jicho baadaye, si ya mzee huyo peke yake. Mjapani Shinichi Suzuki, mwalimu wa fidla aliyefariki mwaka 1998, aliamini kwamba mtoto anaweza kujifunza muziki kama anavyojifunza lugha ya mama: husikia, huiga, kisha ndipo husoma. Aidha alitaka mzazi ahudhurie somo, ili awe msaidizi nyumbani. Kwetu pia jambo hili si geni. Anayejifunza nyatiti kwa fundi wa Kijaluo huketi naye na kumtazama. Lazima mikono ijue nyuzi nane, mguu ujue kugonga pete ya chuma iliyo kidoleni, na sauti iimbe juu ya yote hayo. Fundi humpa kipande kidogo, naye hurudi nacho baadaye kikiwa chake.

Kabla hatujaondoka, yule mzee aliuliza maswali mawili ambayo wenzake hawakuyauliza. La kwanza: "Nani nyumbani anajua kuimba?" Nikamtaja mama yangu, mwimbaji wa kwaya ya kanisa tangu ujana wake, ambaye hajui noti lakini anazijua do, re, mi zake zote. Mtindo huo wa sauti za herufi ulienezwa na mhubiri Mwingereza, John Curwen, katika karne ya 19, nao wamishonari wakauleta huku. Mzee akafurahi, akasema, "Basi mwalimu wa siku sita mnaye."

La pili alimwuliza mtoto: "Kesho ukikwama, nami siko, utafanya nini?" Mtoto akanyamaza. Mzee akamwamuru aandike katika daftari lake mwenyewe: rudi nyuma kidogo, tumia mkono mmoja, nenda polepole, imba kabla ya kucheza. Mistari minne tu. Jioni ya Jumatatu nilimsikia mama yangu sebuleni, shuka begani, akisema, "Rudia hapo kwa fa, mama. Umeikanyaga." Lile swali la ugali sijalisikia tena.

Kwa hivyo, ndugu msomaji, usimlipe mwalimu kabla hujaketi katika somo moja. Tazama ni nani anayecheza zaidi, yeye au mwanafunzi. Tazama anafanya nini mtoto akikosea: anafoka, anamwonyesha jibu, au anamwuliza amesikia nini. Tazama kama mtoto anatoka na kazi ndogo iliyoandikwa, si agizo la "nenda ukafanye mazoezi". Mlango wa chumba cha somo uwe wazi, au uwe ndani mwenyewe; mwalimu mwenye nia njema hatalalamika. Elewaneni mapema kama malipo ni ya kila somo au ya muhula, na somo likikosekana itakuwaje.

Usikimbilie pia kununua ala kubwa. Piano kamili ina vibao 88 vya kubonyeza, lakini kinanda cha umeme chenye 61 kinamtosha anayeanza. Na kama mfuko umetoboka kabisa, usikate tamaa. Programu ya Ghetto Classics, iliyoanza Korogocho mwaka 2008, imewafikishia watoto wa mitaa ya mabanda fidla na tarumbeta, na huko waliotangulia huwashika mkono wanaofuata. Kwaya ya kanisa au ya shule nayo ni darasa la masikio lisilokuwa na karo.

Hatimaye, usimhukumu mwalimu kwa siku ya somo. Siku hiyo kila mtu huwa amejipanga. Subiri hadi katikati ya wiki, Jumatano hivi, mtoto ametoka shule amechoka na hakuna aliyemkumbusha. Ukisikia kinanda kimefunguliwa, mstari ukachezwa vibaya, ukarudiwa polepole, kisha ukachezwa tena, lipa karo ya muhula ujao bila kusita.